Kandambili Nyuma Yangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka kwenye meza ya jikoni, ile yenye mguu mmoja mfupi, ambao bado tunauwekea karatasi iliyokunjwa kama ulivyotuachia. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na yule bibi unayemtunza amepunguza kukuamsha kila saa. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu sana, na paka wake, ambaye siku hizi mvua ikinyesha anahamia kwetu bila kubisha hodi, naye angekusalimu kama angekuwa na adabu.

Utashangaa kupata barua wakati tumezungumza kwa simu Jumapili tu. Ni kwamba yule rafiki yako mnayefanya naye kazi amemaliza likizo na anarudi huko. Alipita kuchukua gauni lake kwa Baba, akaniuliza kama nina chochote cha kukuletea. Nikasema barua. Nilijisikia mwenyewe nikisema, nikashangaa. Kwenye simu siwezi, Mama. Baba anailaza simu katikati ya meza, anaifungulia sauti ili sote tusikie, halafu anakaa ananitazama mdomo kama mtu anayesubiri maji ya bomba. Wewe unauliza shule vipi, mimi nasema nzuri. Unauliza nimekula, nasema nimekula. Mara sauti inaanza kukatika, na muda umekwisha. Unanijua nilivyo. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na ninanyamaza katika zote mbili. Lakini nikishika kalamu maneno yanakuja, na haya ninayotaka kukuambia yanakuja kwa lugha yako tu, maana ile ya darasani sijawahi kuitumia kumzungumzia mtu wa nyumbani.

Nataka kukueleza habari za Baba na matembezi yake. Kila ukipiga simu unamuuliza kama anatembea kama daktari alivyomwagiza kwa ajili ya presha, naye anakujibu kwamba haachi hata asubuhi moja. Najua humwamini, kwa sababu unanyamaza kidogo kabla ya kusema vizuri. Basi niamini mimi, anatembea. Ila hatembei kama unavyofikiri, na nadhani ukimuuliza vizuri yeye mwenyewe atakuapia kwamba hajawahi kufanya mazoezi maishani mwake.

Ulipoondoka ulimwachia maneno ya daktari na viatu vya mazoezi. Viatu viko juu ya kabati, ndani ya boksi lao, na karatasi yao laini bado imo. Baba anasema ni vizuri mno kuvikanyagia vumbi. Wiki za mwanzo nilijaribu kumkumbusha. Akaniambia ataanza Jumatatu. Jumatatu zikapita na yeye yuko pale pale kwenye cherehani, mgongo umepinda, mguu juu ya pedali, kana kwamba miguu haina kazi nyingine. Siku moja nikapata ujasiri nikamuuliza kinachomzuia hasa ni nini. Akasema mtu mzima, mwenye nyumba na kazi, haonekani barabarani anatembea bila kwenda popote. Watu watauliza kama amefukuzwa. Kama ni kutembea, mtu anatembea kwa sababu anakwenda mahali, akifika anarudi. Hiyo ya kuzunguka tu alisema ni ya wachezaji na wendawazimu.

Mimi kuanza kukimbia hakukuwa kwa ajili yake. Nisijipe sifa nisizostahili.

Shuleni tuna mwalimu wa michezo tunayemwita Filimbi, kwa sababu hata akitaka kukuuliza habari za asubuhi lazima apulize kwanza. Filimbi anapenda mazoezi ya wawili wawili. Shikaneni mikono, bebaneni mgongoni, rushianeni mpira. Darasa letu haligawanyiki kwa mbili, Mama, na anayebaki ni mimi. Wenzangu hawanichukii. Ni vile tu mpaka niamue nimwendee nani na niseme nini nikifika, wote wameshashikana. Mwanzoni Filimbi alikuwa anacheza na mimi yeye mwenyewe, watu wakacheka, wakaniita bibi Filimbi. Mwishowe akaniambia niwe nazunguka uwanja mpaka wenzangu wamalize. Nikazunguka. Jua lilikuwa kali, kilikuwa kile kiangazi cha mara tu baada ya wewe kuondoka, uwanja umepasuka kama kisigino. Lakini nikagundua kwamba anayekimbia hahitaji mwenzi, na tena hakuna anayemshangaa kuwa hasemi. Pumzi hana, atasema nini.

Basi nikataka kukimbia na asubuhi pia, kabla vumbi halijaamka. Nilimwambia Baba akiwa anatunga uzi. Alipitisha kwanza uzi kwenye tundu, akauliza nitakuwa na nani. Nikasema peke yangu. Akasema haya, kwa sauti ya mtu ambaye hajasema haya.

Njia yangu unaijua. Natokea uchochoro wetu, napita kwa kinyozi, namkuta anafagia nywele za jana, nazunguka ukuta wa kiwanda, nafika duka la vifaa vya ujenzi, narudi kwa nyuma ya tanuri la mikate. Wakati wa kiangazi asubuhi ina harufu ya moshi na maji yaliyomwagwa kutuliza vumbi. Watu ni wachache: wenye ndoo bombani, mlinzi wa kiwanda anayepiga miayo. Hakuna aliyenisemesha nami sikumsemesha mtu. Nilikuwa narudi nyumbani nimelowa jasho, nakaa kwenye ngazi ya nyuma pale ulipokuwa unachambulia mboga, na kwa muda kidogo sikuwa nawaza kwamba hakuna aliyetoka kuniuliza nimerudi.

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa Baba, vilikuwa viberiti. Kila nikirudi, sijamaliza hata kufungua kamba za viatu, naye anaingia kutoka nje, ameshika kiberiti. Anasema alikwenda dukani, viberiti vimetuishia. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Jiko letu linajiwasha lenyewe, Mama, ulilinunua wewe. Droo ya vijiko ikajaa viberiti, vikahamia kwenye kopo la sukari. Nikadhani anazeeka. Nikaona nisimwambie mtu.

Halafu mvua zikaanza. Wewe unazijua mvua za kwetu, hazipigi hodi. Siku hiyo nilikuwa nimefika ukuta wa kiwanda anga likapasuka, nikakimbilia kwenye kibaraza cha kinyozi. Kinyozi ana kile kioo chake kikubwa kinachotazama mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Nikiwa nimesimama natetemeka na kuipa barabara mgongo, nikaona ndani ya kioo, ng'ambo ya barabara, mtu amesimama chini ya mwavuli mweusi wenye ubavu mmoja uliovunjika. Mwavuli ule nilikuona ukiushona kwa uzi wa buluu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Futi yake ya ushonaji ilikuwa inaning'inia shingoni. Alikuwa na kandambili zake, suruali ameikunja mpaka magotini, na maji yanampita kwenye vifundo kama mtu aliyesimama mtoni.

Hakuja. Alikuwa na mwavuli na mimi nilikuwa nimelowa, na hakuja. Nami sikugeuka. Tulisimama hivyo mpaka mvua ikapungua. Kinyozi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kupangusa viti vyake.

Mama, nilikasirika. Nilidhani ananichunga. Nilidhani anafikiri kuna mvulana mahali, kwenye kona fulani, ndiyo maana naamka mapema. Kama angejua shida ninayoipata kumwomba mtu kifutio, asingehangaika. Nililala na hasira hizo, na asubuhi yake nikaamua kumpoteza.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Nilipita kiwanda, nikaruka mtaro, nikaingia vichochoro vya nyuma ya tanuri ambako hata baiskeli hazipiti, nikajibanza nyuma ya rundo la kuni za mwoka mikate. Nilitulia pale nikiwa na furaha mbaya. Baada ya muda nikasikia miguu kwenye tope. Akatokea. Kandambili amezishika mkononi, futi iko shingoni, shati limemganda mwilini. Alisimama njia panda, akatazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyeangusha sindano sakafuni. Halafu akaweka mkono mmoja ukutani, mwingine kifuani, akainamisha kichwa, na mdomo ukawa wazi.

Hakuniita. Hilo ndilo lililonikata maini. Mtu yeyote angeita jina la mtoto wake. Yeye alikuwa anaogopa nisije nikajua kwamba yupo.

Nilitoka upande wa pili, nikapita mbele yake mbali kidogo, polepole, kana kwamba sijamwona. Nikajifanya nimeshika ubavu, nimechoka. Nyuma yangu nikasikia kandambili zikidondoshwa chini, moja, nyingine, kisha zikaanza tena: pa, pa, pa.

Kuanzia siku hiyo sikukimbia tena kwa kasi. Nilikuwa nakimbia kidogo, natembea kidogo, nainama kufunga kamba ambayo haijafunguka. Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yanakimbia. Kandambili zikilegea nalegea, zikikaza nakaza. Nilianza na njia tambarare, ile fupi. Baada ya wiki kadhaa nikaongeza kipande cha reli. Mvua zilipokwisha nikaongeza kile kilima cha tangi la maji, nikakipanda taratibu mno hata bibi mmoja mwenye ndoo kichwani akanipita, akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nasikia pumzi ya Baba kule chini. Siku ya kwanza ilikuwa inakoroma kama cherehani lisilotiwa mafuta. Baadaye ikatulia. Siku moja tulifika juu na sikuisikia kabisa, nikaogopa, karibu nigeuke. Kisha nikasikia anapiga chafya.

Kinyozi alikuwa anajua kila kitu na hakuweza kujizuia. Nikipita asubuhi ananiambia kivuli changu leo kimechelewa, au kivuli changu leo kimevaa shati jipya. Na Baba akipita anamtania kwa sauti kubwa makusudi, anamuuliza Fundi, leo tena viberiti, kwani mnachoma mji? Baba anamjibu kwamba mwenye duka ana deni la chenji yake. Kinyozi anasema deni hilo litakufa na mtu. Mimi naendelea mbele, uso nimeukaza, lakini tumbo linacheka. Zile zilikuwa dakika ambazo nilikuwa nasikia kama nyumba yetu ina watu wengi.

Ila nyumbani, Mama, tulibaki vile vile. Anaingia na kiberiti chake, mimi nimekaa kwenye ngazi, anauliza chai iko tayari, nasema iko. Tunakunywa. Redio inazungumza badala yetu. Wakati mwingine nilikuwa natamani nimwambie leo ulipanda vizuri, Baba. Neno linafika hapa kooni, linageuka, linarudi.

Baridi ilipoingia, ukungu ukawa unashuka mpaka huwezi kuona mkono wako. Nikadhani sasa ataacha. Jioni moja nikamkuta amelichukua koti langu la shule la zamani, analishonea mgongoni utepe unaong'aa, ule wa vizibao vya mafundi wa barabara. Akasema ni kwa ajili ya magari. Nikasema asante. Asubuhi nikatoka nalo kwenye ukungu mzito, nikapita njia ya reli, na hakuna gari linalopita reli, Mama. Nikaelewa utepe ule ni wa nani. Nyuma yangu ilikuwa inawaka tochi ndogo, inazima, inawaka, na kila ikiwaka nilijua mgongo wangu unamjibu.

Ndipo tulipokwenda kliniki, ile siku alipokupigia simu mwenyewe akajisifu kwamba muuguzi amerudia kumpima presha mara ya pili kwa sababu hakuamini. Alikuambia ni chumvi, amepunguza chumvi. Nilikuwa nimekaa pembeni. Unakumbuka uliniuliza kama ni kweli, nikasema ndiyo, ni chumvi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Baridi ilipoanza kupungua, Filimbi aliniita baada ya vipindi, bila kupuliza, nikajua ni jambo kubwa. Akasema ananitazama muda mrefu ninavyozunguka uwanja, na kwamba nina pumzi ambayo hajaiona kwa mtoto mwingine pale shuleni. Akasema kuna timu ya wasichana wa mbio ndefu. Wanafanya mazoezi asubuhi, gari la shule linawapitia majumbani kabla ya jua, wanakimbia pamoja, wanakunywa uji pamoja, wanaingia darasani pamoja. Alisema pamoja, pamoja, mpaka neno likaanza kunitisha. Wasichana wale nawajua kwa macho. Wanatembea wameshikana viuno na wanacheka kitu ambacho hakuna mwingine amekisikia. Mmoja wao aliwahi kunisogezea kiti bila kuombwa. Nimekuwa nikiwatazama kutoka dirishani tangu kidato cha kwanza.

Nikamwambia Filimbi kwamba Baba hataki.

Niliusema uongo huo haraka sana, wala sikutafuta maneno. Filimbi akasikitika. Na mimi nikaenda zangu nikiamini yamekwisha. Kumbe mtu yule ana suruali inayohitaji kupunguzwa. Jana Ijumaa nikiwa jikoni nikasikia sauti yake chumba cha mbele, anamwambia Baba kwa heshima zote kwamba anaelewa wasiwasi wa mzazi, lakini alifikirie tena lile katazo lake, maana mtoto ana kipaji. Nilishika ukingo wa sinki. Nikasubiri Baba aseme katazo gani. Cherehani likanyamaza. Kisha Baba akamwambia Mwalimu arudi Jumatatu, suruali itakuwa tayari na jibu litakuwa tayari.

Hakunisaliti mbele ya mgeni. Nilitamani angenisaliti tu.

Jioni tulikaa mezani. Alizima redio, jambo ambalo halifanyi. Alikula polepole, akasukuma sahani, akaanza kujikunjulia na kujikunjia ile futi kwenye vidole.

"Nilikukataza lini, mama?"

Unajua akiniita mama ndipo ninapokwisha. Nilitazama meza. Nilijaribu kunyamaza kama kawaida yangu, lakini yeye naye alinyamaza, na katika kunyamaza hakuna anayemshinda. Mwishowe maneno yakatoka yenyewe, hata sikuyapanga.

"Nikienda huko asubuhi, wewe utatembea na nani?"

Futi ikasimama kwenye vidole vyake. Masikio yake yakabadilika rangi, Mama, kama ya mtoto aliyekutwa na kidole kwenye asali. Akatazama mlango, akatazama droo ya viberiti. Nilidhani atakana. Alikohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikuwa haendi kutembea. Alikuwa ananisindikiza tu. Siku hizi barabara ina mbwa.

Nikasema najua.

Akauliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu siku ya mwavuli. Akafikiri, nikaona macho yake yanarudi nyuma, yanapita mvua, yanapita kilima, yanapita ukungu, yanahesabu kila mahali nilipoinama kufunga kamba. Akaniuliza kwa nini basi sikugeuka. Nikamwambia ningegeuka ungeacha, na daktari alisema usiache. Nilimwambia nilifanya vile kwa ajili ya moyo wake.

Kisha akanyanyuka akachukua sahani yangu na yake, akaziosha yeye, akaenda kulala bila kusema zaidi.

Na hapa ndipo ninapotaka kukuambia kitu ambacho yeye sikumwambia. Nilichomjibu kilikuwa kweli, lakini hakikuwa kweli yote. Alipoondoka pale mezani nilibaki nikijiuliza, kama muuguzi angesema presha imepona kabisa, Baba anaweza kukaa kwenye kiti chake mpaka atakapozeeka, je, ningefurahi? Nisingefurahi. Ningelia. Mama, sikuwa nakimbia kwa ajili ya moyo wake. Tangu uondoke, siku yangu nzima, darasani, njiani, mezani, hapana mtu anayenitazama. Nikikosa darasani, kiti changu ndicho kinachojua. Lakini ile saa ya asubuhi kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha hanipotezi machoni. Nilikuwa nasikia hatua zake na najua nipo. Ndiyo maana nilimdanganya Filimbi. Nilikuwa naogopa wale wasichana, hilo ni kweli, lakini zaidi nilikuwa naogopa kukimbia mahali ambapo nyuma yangu hakuna mtu. Nilikufanyia wewe hasira pia, kwa sababu umekwenda kumtazama bibi wa watu. Sikuwahi kukuambia. Naomba unisamehe, hasira zimepungua, zimebaki hamu tu.

Leo asubuhi niliamka, nikavaa koti, nikatoka chumbani kwa kunyata kama siku zote. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nikadhani tumeibiwa. Nikachungulia chumba cha cherehani, hayupo. Nikatoka barabarani.

Alikuwa ameshafika kwa kinyozi. Anatembea peke yake, katikati kabisa ya njia, mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi wa barabara. Kinyozi alimwambia kitu, yeye akainua mkono tu akaendelea. Alipita duka bila kusimama. Nilitaka kukimbia nimfikie, miguu ilikuwa tayari, kisha nikajizuia. Nikaanza kumfuata. Alipokaza nilikaza, alipolegea nililegea. Tulizunguka kiwanda, tukapita reli, akashika kilima cha tangi la maji. Alipanda bila kusimama hata mara moja. Nilikuwa chini nikimtazama akipungua, shati lake linakuwa dogo, linakuwa doa, na nilikuwa nasema moyoni geuka, geuka mara moja tu. Hakugeuka. Alijua nipo, Mama, nina hakika alijua, na hakugeuka makusudi, ili nione kwamba anaweza.

Nilikaa kwenye jiwe nikalia kidogo. Sikujua kwamba kumtazama mtu mgongo ni kazi ngumu hivyo. Yeye aliifanya kiangazi kizima, na mvua zote, na baridi.

Jumatatu Filimbi akija kuchukua suruali yake nitakuwa mimi mlangoni, na nitamjibu mwenyewe. Nitasema ndiyo. Ndani ya gari sijui nitakaa na nani wala nitasema nini. Pengine yule aliyenisogezea kiti nitamwambia asante, ingawa nimechelewa mwaka mzima.

Barua ikishakufikia, ukipiga simu Jumapili usimwambie nimekuandikia. Muulize tu ametembea wapi, halafu umwache aseme, usimkatize hata kama muda unakwisha. Na ukimaliza, Mama, naomba umwambie azime ile sauti ya nje, anipe simu sikioni. Sina hakika kama nitasema chochote. Lakini usikate haraka.

Nisalimie huyo bibi unayemtunza, mwambie namtakia afya. Nisalimie na hiyo baridi ya huko unayosema inauma masikio. Jifunike vizuri, na siku ya mapumziko usilale tu, toka nje utembee japo kidogo, uwe unakwenda mahali au huendi. Rafiki yako anasubiri sebuleni, Baba anamchelewesha kwa kumsahihishia pindo la gauni, nadhani ananipa muda nimalize.

Nakukumbatia kwa barua mpaka mikono itakapofika.

Ni mimi mwanao,
Sisimizi